Dobi na Kikosi chake cha Kandambili

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, pasi ya mkaa imeshapata moto. Dobi anaipitisha kwenye kola ya shati la shule huku midomo yake ikitembea. Mtu asiyemjua atadhani anasali. Hasali. Anamtorosha kwa mara nyingine msichana wa miaka kumi na mmoja kutoka kwenye ghala lililofungwa kwa nje, na kabla shati halijakunjwa, msichana huyo lazima awe amepita dirishani.

"Shati moja, aya moja," anasema bila kuinua macho. "Suruali ina mapindo mengi. Hiyo naifanyia mazungumzo."

Mtaani wanamwita Mama Pasi. Chumba chake cha kazi kina meza iliyotandikwa blanketi lililobabuka, kamba za kutundikia na beseni la wanga. Mlangoni, juu ya kigoda, anakaa shangazi yake, bibi wa miaka themanini na ushei aliyemlea tangu utotoni, akishona vifungo vilivyokatika. Nje kuna benchi ambapo watoto hungojea sare zao. Kitabu kilizaliwa kwenye benchi hilo.

Kitabu chenyewe kinaitwa *Kikosi cha Kandambili*. Ni riwaya ya watoto wanaofunzwa ujasusi katika chumba cha chini cha kiwanda cha mikate. Wanafunzwa kutembea kwa kandambili bila kishindo, kusoma midomo ya watu kupitia kioo, na kusahau majina yao wakiulizwa. Mwalimu wao anaitwa Mkuu. Wanampenda kama baba, na balaa linaanzia hapo.

Kila sura huisoma kwanza kwa watoto wa benchi. "Mmoja akianza kujikuna, nafuta," anasema. "Mtu mzima atachoka na bado atakusifia. Mtoto hana unafiki huo, Mungu ambariki."

Lakini benchi hilo liliwahi kumtia matatani. Kila dobi ana alama zake. Yeye hushona kipande kidogo cha uzi ndani ya kola au kiuno cha suruali, chekundu kwa nyumba hii, kijani kwa nyumba ile. Katika sura ya nne akawapa majasusi wake ujanja huohuo: uzi wa njano maana yake "tukutane", mweusi maana yake "tunafuatwa". Hakufikiri mbali.

Wiki haikuisha, watoto walikuwa wameingia kazini. Walingoja ageuke kuchochea mkaa, wakachomoa nyuzi zake na kupachika zao. Muuza nyama akapelekewa blauzi ya mkunga. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu mwembamba kama ufito, akapokea suruali ya muuza nyama, ambayo wangeingia yeye na naibu wake na nafasi ikabaki.

Mwalimu mkuu alikuja amefura. Alitaka majina ya watoto.

"Nikamwambia, mwalimu, majina hupati," dobi anakumbuka. "Chukua hadithi yangu ukasome walichokisikia. Ukimaliza, kama bado unataka kumchapa mtu, njoo unichape mimi."

Alirudi siku chache baadaye, bila fimbo, akiuliza kama msichana wa ghalani alipona. Yeye ndiye aliyeupeleka mswada kwa mhariri wa kampuni moja ya vitabu. Kampuni ikaupenda, ikakubali kuuchapa, ila ikaweka sharti moja: mwisho ubadilishwe.

Mwishoni mwa riwaya, Mkuu anawapa watoto kazi kubwa kuliko zote. Warudi majumbani kwao, wasikilize wazazi wao wakila, wakiongea, wakilia, kisha wamletee kila neno. Watoto wanarudi na kusimama mbele yake. Anawauliza wamesikia nini. "Hatukusikia kitu," wanajibu, mmoja baada ya mwingine, na kitabu kinaisha. Kampuni inataka watoto walete taarifa na wapewe nishani.

Malipo yaliyoahidiwa yangetosha mashine ya kufulia, na dobi huyu hufua kwa mkono nguo arobaini kwa siku, siku ikiwa njema. Ananyoosha vidole vilivyochanika kwa sabuni. "Angalia. Unadhani siitaki mashine? Naitaka mpaka naiota."

Kwa nini basi asibadilishe ukurasa mmoja?

"Kwa sababu mimi nilikuwa jasusi," anasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Natumwa kwa jirani nikakope chumvi, na chumvi nyumbani imejaa kopo. Yaliyotumwa ni masikio. Nikirudi na neno, napewa mkate wenye sukari."

Siku moja alirudi na neno kwamba jirani anaweka akiba kwa siri ili amkimbie mumewe. Neno likatoka kwa shangazi, likazunguka, likamfikia mume. Kesho yake jirani hakuweza kufumbua jicho, na safari yake ikaishia hapo.

"Watu huniuliza kama najuta. Sijuti hata chembe! Mtoto aliyetumwa hana kosa. Mwenye kosa ni aliyemtuma."

Anayasema haya waziwazi, aliyemtuma akiwa palepale mlangoni. Bibi anavuta uzi wake. Miaka yote hii, anasema dobi, shangazi hajawahi kutia neno.

Simu inalia. Ni mhariri, anataka jibu. Mikono ya dobi ina wanga, kwa hiyo anaiweka simu mezani na kufungua sauti.

"Mama yangu, ni ukurasa mmoja tu," mhariri anasema kwa upole. "Mkuu anawaambia lilikuwa jaribio, wanavishwa nishani, wazazi wanapiga makofi. Wazazi ndio wanaonunua vitabu."

"Na watoto ndio wanaovisoma."

"Lakini ukimfundisha mtoto kumkatalia mkubwa..."

"Mkubwa anayemtuma uovu? Amkatalie mchana kweupe. Sibadilishi, ng'o!"

"Basi itabidi nikurudishie mswada."

"Urudishe. Ila usinikunjie ovyo, mimi ndiye ninayejua taabu ya kunyoosha."

Watoto kwenye benchi wanacheka. Shangazi hacheki. Anachomeka sindano kwenye kanga yake, anainuka kwa kushika mlango, anakuja hadi mezani na kuiinamia simu.

"Mwanangu," anasema, "mimi ni shangazi yake. Mtoto huyu nilimtuma mimi. Aliniletea maneno, na yule mwanamke akapigwa. Hakuna aliyepiga makofi. Huo ukurasa uache."

Mhariri anasema ataurudisha mswada, kisha anakata simu. Dobi amesimama na pasi juu ya shati la mtoto wa watu mpaka harufu ya kuungua inamzindua.

Mpango wake sasa ni mashine ya kurudufu ya shule. Mwalimu mkuu ameshakubali, mradi dobi anunue karatasi mwenyewe. Itatoka sura moja kila Ijumaa, mpaka ukurasa wa mwisho, kama ulivyo. Na mashine ya kufulia?

"Itasubiri, mikono hii imezoea," anasema Mama Pasi, akilitundika shati lililoungua. "Lakini mahali fulani yuko mtoto aliyetumwa leo asubuhi kukopa chumvi. Huyo hawezi kusubiri."