Jiwe la Jikoni na Mkwe Nisiyemtazama

Kwa miaka tisa baba mkwe wangu alikuwa ameona khanga yangu tu. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani macho na baba wa mumewe. Mzee akikohoa kule kwenye migomba, mimi natokea mlango wa nyuma. Akinikuta njiani ghafla, nachuchumaa, najifunika, napitwa. Ndiyo heshima, na sikuwahi kuona ugumu wake mpaka tulipoanza kutafuta jiwe la jikoni.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walitawanyika, wengine Mbeya, wengine Dar. Mimi niliolewa hapa hapa Tukuyu, nikafika mtaa wa Msasani, huu wa kwetu si ule wa Dar, nikaona nimefika mbali vya kutosha. Lakini baada ya kumzaa kitindamimba kiuno kilinigomea. Daktari akasema nisiiname tena kwenye mafiga.

“Sasa nitapikaje?” nikamuuliza.

“Pika umesimama.”

Alisema kirahisi kama anayeniandikia vidonge. Jikoni kwangu kila kitu kilikuwa chini: moto chini, kinu chini, ndizi zinamenywa chini, na mimi chini kuliko vyote. Ilifika mahali asubuhi naamka kwa kushika kitanda, kisha ukuta, kisha mlango. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kupima majani ya chai ya wakulima, akaanza kupika uji. Uji ule ulimfanya kila mtu nyumbani aone kwamba jambo hili ni la haraka.

Tukakubaliana kujenga meza ya matofali, juu yake jiwe. Ugomvi ukawa jiwe gani.

Zilikuwa siku za ruksa. Maduka ambayo juzi tu yalikuwa na rafu tupu na foleni ya sabuni, sasa yamejaa vitu ambavyo hata majina yake hatuyajui. Duka la rangi pale sokoni lilikuwa na kalenda yenye picha ya jiko la marumaru nyeupe, na bakuli la matunda juu yake, na hapana alama ya moshi popote. Niliiomba kalenda ile tangu Machi, mwenye duka akaniachia Agosti. Wakati huo nilikuwa nimeshawaambia wenzangu wa kwaya kwamba jiko langu litakuwa jeupe. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema tu, katikati ya mazoezi ya sauti ya pili.

Shida ni kwamba fundi wetu alikuwa baba mkwe. Kule kijijini kwao Masukulu alikuwa amejenga misingi ya mawe tangu ujana wake, na kumwita fundi mwingine kungekuwa kumtangazia mzee kwamba amekwisha. Basi akaja, akaketi nje chini ya dirisha la jiko. Mimi nilikuwa ndani, nimeupa ukuta mgongo. Mume wangu akasimama mlangoni, katikati yetu.

“Mwambie mwenye jiko,” akasema baba mkwe, “marumaru nyeupe ni jiwe la sebuleni.”

Mume wangu akanigeukia. “Baba anasema marumaru nyeupe ni jiwe la sebuleni.”

“Nimesikia. Mwambie mzee nashukuru, ila jiwe jeusi litaleta giza jikoni.”

“Baba, anasema...”

“Nimesikia. Mwambie anunue taa.”

Kesho yake akaleta kipande cha jiwe jeusi, bapa, la mtoni. Alikuwa amelisugua kwa mchanga na maji mpaka likang'aa kama kiatu cha mchungaji siku ya Pasaka. Nikalipokea kwa heshima zote, nikalitumia kuzuia mlango.

Jumamosi nikamburuta mume wangu hadi Mbeya, safari ambayo kwa mtu kama mimi ni kwenda ng'ambo. Muuzaji wa marumaru alianza kuniita shemeji tangu tukiwa bado barabarani. “Shemeji, hili utawaachia wajukuu,” akaniambia huku akilipapasa kama ng'ombe wa maziwa. Akatupa kipande cha mfano. Nikakipakata njia nzima kurudi Tukuyu.

Baba mkwe alipokiona dirishani hakubishana. “Mwambie mwenye jiko amenyee ndizi juu ya yote mawili. Akamulie na limao. Aache mpaka kesho.”

Sasa, kwetu ndizi mbichi humenywa asubuhi na jioni, na utomvu wake ukishika gauni, gauni hilo limekuwa la shambani. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto. Lakini kwenye kalenda hapakuwa na ndizi mbichi, na mimi nilikuwa nimeiamini kalenda.

Asubuhi jiwe jeusi lilipanguswa kwa kitambaa mara moja, likawa kama jana. Jeupe lilikuwa limechorwa ramani ya kahawia, na pale pa limao mng'ao ulikuwa umeliwa. Nikasugua kwa majivu. Nikasugua kwa mchanga, na mchanga ukamaliza mng'ao uliobaki. Kiuno kikanikumbusha kwa nini tulianza shughuli hii. Mwisho nikaligeuza upande wa pili.

Mume wangu akaja, akaligeuza tena. “Upande wa wajukuu ni upi hapa?”

Nilisogea karibu na dirisha. “Mwambie mzee, jeusi.”

“Baba, anasema jeusi.”

“Nimesikia,” akasema baba mkwe, kwa sauti ya mtu anayejizuia asifurahi.

Alifanya kazi siku tatu. Mume wangu yuko kwenye mizani ya chai, mimi nimejifungia chumbani nasikiliza tindo ikigonga. Siku ya tatu, mzee alipokwenda kunawa, nikatoka kwenda kuona. Jiwe lilikuwa zuri, vipande vinne vimekutana hata kucha haipiti. Meza yenyewe ilinifika juu kidogo ya goti.

Nilibaki nimeitazama. Halafu nikaelewa. Baba mkwe alikuwa amemjengea mtu anayemjua, na miaka yote tisa mtu huyo alikuwa amechuchumaa kando ya njia chini ya khanga, kimo chake kama debe. Kuuliza urefu wa mkwe wake asingeweza, na mwanawe hakufikiria kumwambia.

Jioni nikiwa ndani namenya ndizi, nimepinda kama zamani, nikasikia nje: “Linamfaa?”

“Linamfaa sana, baba,” akajibu mume wangu, mwoga wangu.

Nilipomshika baadaye akasema, “Ningemwambia nini? Kwamba amekosea, kwa umri ule?” Hata mimi nisingeweza. Lakini nikinyamaza, nitainama mpaka uzeeni, tofauti ikiwa nitainamia jiwe zuri.

Asubuhi, kabla mzee hajaja kuchukua vifaa vyake, nikapaka kiganja masizi ya sufuria. Nikatoka nje, nikasimama wima kando ya ukuta wa jiko uliopakwa chokaa, nikakibandika usawa wa kitovu. Kisha nikakimbilia chumbani, kama mtu anaweza kukimbia na kiuno kile.

Nikamsikia akifika, mume wangu, niliyekwisha mwonyesha alama ile, akimpokea.

“Mkono huu wa nani?”

“Wa mwenye jiko, baba.”

“Alipanda kiti?”

“Alisimama tu. Hapo ni kitovuni.”

“Mwe,” akasema baba mkwe. “Miaka yote hii nadhani umeoa mfupi.”

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, na nilikuwa chumbani nimeziba mdomo kwa khanga, maana mkwe naye hapaswi kusikika akicheka. Akabandua vipande vyote vinne, akaongeza kozi tatu za tofali, akavirudisha, huku akipima kwa kiganja changu ukutani na kumwuliza mwanawe alikuwa wapi siku zote.

Saruji ilipokauka nikaweka jiko la mkaa juu, nikasogeza ndizi, nikaanza kumenya. Nje, chini ya dirisha, mzee alikuwa na kikombe chake cha chai.

“Amesimama?” akauliza.

“Amesimama, baba.”

“Basi,” akasema, akaomba chai nyingine.