Picha Iliyombeba Likunde

Mwanangu, siku ile naikumbuka kuanzia pale upepo ulipoikamata picha. Likunde alikuwa juu yangu kidogo, mgongo wake umebanwa kwenye mwamba, na mbele ya vidole vya miguu yake hakuna kitu, ni hewa tu, na vilele vya miti huko chini. Mikono yote miwili imeshika fremu. Mimi nimelala kifudifudi, nimeingiza kucha kwenye mwanya wa jiwe. Nikamwambia, maana alinizidi umri nami nilimwita kaka, "Achilia, yaya. Acha iende."

Na kutoka chini, penye kivuli, Citoyen Bosenge, kiongozi wetu, akasema ndani ya megafoni yake, taratibu kabisa, "Ukiachilia, utanijibu mimi."

Likunde hakuachilia.

Ngoja nikupeleke nyuma. Wakati ule chama kilikuwa kimoja tu, kila mtu aliitwa Citoyen, yaani mwananchi, na mtoto alihesabiwa humo akiwa bado tumboni. Sisi vijana wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, kazi yetu ilikuwa kuimba na kucheza mbele ya wageni wa serikali. Bosenge ndiye alituongoza. Mwaka ule akawaza namna ya kuwapendeza walio juu yake: picha ya Rais, ile kubwa yenye kioo, ipandishwe kwenye mlima wa mawe upande wa Ituri, isimamishwe kileleni. Tukapewa lori, na chakula cha njiani: kwanga ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi. Tuliimba njia nzima. Bon, tulikuwa vijana, na mtoto wa Kisangani anajua mto. Mlima anauona kwenye kalenda.

Mwanzo ulikuwa msitu, mizizi na jasho, hakuna shida. Kisha miti ikakoma na jiwe likasimama mbele yetu kama ukuta, jeusi, lenye utelezi. Kutoka hapo ilikuwa ni mikono na magoti. Likunde, aliyepewa heshima ya kubeba, akaomba pagne, kitenge cha kujifunga, kwa msichana mmoja ili aifunge picha mgongoni.

Bosenge akamtazama. "Citoyen, unataka kumubeba Mukubwa wa inchi mu mugongo, kama mutoto?"

Watu wakacheka. Likunde naye akacheka, akasema mutoto huyu iko muzito, mama yake alimulisha nini. Bosenge hakucheka. Alisema picha itabebwa kifuani, uso ukitazama mbele, na isiguse chini hata mara moja. Nikauliza kamba iko wapi. Kamba ilibaki kwenye lori, imefunga makreti ya bia ya wageni. Halafu yeye mwenyewe akakaa chini ya mti, akasema magoti yanamuuma, tutangulie.

Basi sisi wawili tukatangulia, wengine wakabaki chini wakiimba. Likunde alipanda kwa viwiko na kwa mgongo, mimi nyuma yake nikisukuma visigino vyake kwa kiganja. Sikutazama chini, nilitazama visigino tu, vilivyopasuka. Akaniuliza kama bado ni mbali. Nikamdanganya kwamba tumefika. Tukaingia kwenye ukingo mwembamba, mguu mmoja ndio unaoenea, na hapo mwamba ulipokunja kona, upepo ukatupata.

Fremu iligeuka kama mlango uliosukumwa. Hapo ndipo nilipomwambia aachilie, Bosenge akamkataza, na fremu ikamvuta. Mguu wake ulinipiga begani, nami nikateleza mpaka kichaka kilichoota kwenye jiwe kikanishika. Goti langu lilivunjikia hapo. Nilisikia kioo kikivunjika, halafu nikasikia watu huko chini bado wanaimba, maana hawakuona kitu na hakuna aliyewaambia waache.

Sikiliza sasa. Picha ndiyo iliyotafutwa kwanza, kabla ya mwili wa Likunde. Tuliporudi, Lofemba, katibu wa Bosenge, alisimama mbele ya Mama Sifa, mama yake Likunde, akasema kijana alikuwa amelewa akaitupa picha kwa makusudi. Baba yake Likunde akafukuzwa kazi bandarini. Majirani wakaogopa hata kukaa kwenye kilio.

Mwanangu, leo naona mnapewa tena fulana mpya na kupandishwa malori. Mtu akikutuma pahali pa kufa, tazama kama naye anapanda. Akikujazia mikono vitu vyake, vitupe ushike jiwe. Na mwenzako akiomba kitambaa cha kujifungia mzigo, usicheke. Mungu akupe macho ya kuona shimo mapema, na akurudishe kila jioni nyumbani kwa mama yako.

Lakini mimi sijamaliza. Bosenge yuko hai, yuko mtaa wa Makiso, watu wanamwita papa, baba wa heshima, na kumpisha kiti. Lofemba yuko hai. Mama Sifa naye yuko hai, na bado anaitwa mama wa mlevi. Nataka wale wawili waje Mangobo mchana, majirani wakiwepo, Bosenge amwambie: mutoto wako hakulewa, ni mimi nilimukataza kuachilia. Asitume mtu. Aje mwenyewe.