Vitabu Ndani ya Oveni

Zamu ya maombi ilikuwa imefika nyumbani kwa Héritière, na tangu asubuhi alikuwa akitamani imruke. Si kwamba hapendi wageni. Yeye ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, mama wa kanisa kabisa, na chakula alishapika cha kulisha mtaa. Tatizo lilikuwa vitabu.

Vilikuwa vitabu vya vijana, mfululizo mzima, juu ya msichana anayeishi katika mji uliochimbwa ardhini baada ya jua kuharibika, na mpenzi wake ambaye, samahani, ni mzimu. Cha kwanza alipewa na bibi mmoja ambaye yeye humhudumia kwenye nyumba ya wazee huko Minneapolis, mji jirani, hapa Marekani, ajifunzie Kiingereza. Kiingereza kilikuja, lakini kilichomfanya apitilize kituo chake cha treni si Kiingereza. Mtu mzima, mwenye binti wa sekondari, anamlilia mzimu mbele za watu! Vilivyofuata alivinunua mwenyewe, mitumba, kwenye duka la barabara ya University Avenue. Sasa alikuwa kwenye cha mwisho, na msichana alikuwa bado hajaamua kama atamfuata kijana huko kwa wafu.

Majalada yote yalikuwa na kijana huyo, macho mekundu, mkono ukitoka kaburini. Na akina mama wa kanisa hili, waliotoka Kivu kama yeye, hawaombei nyumba wakiwa wamekaa sebuleni. Wanapita chumba kwa chumba na chupa ya mafuta, wanafungua makabati, wanainama chini ya vitanda, maana shetani anajulikana kwa kupenda uvungu. Mwimbaji mmoja alikutwa na sinema za majini na wachawi, na hadi leo haimbi, anakaa viti vya nyuma. Héritière alivuka vita na kambi akiimba. Bila kwaya hakujua angekuwa nani hapa Saint Paul.

Basi akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akavisukuma ndani ya oveni. Oveni yake, kama za majirani zake wengi, haijawahi kuoka chochote. Ni kabati la sufuria, na siku hiyo sufuria zote zilikuwa juu zikichemka. Nani atapaka mafuta kabati la sufuria? Akapumua kidogo.

Alimsahau Reine, mkwe mpya wa Mama Uwamariya, kiongozi wa maombi. Reine amekulia huku huku. Alikuja na bakuli la makaroni na jibini, akabonyeza kitufe ili oveni ipate moto kwanza, bila kuifungua, kama wafanyavyo watu wa huku, kisha akawafuata wenzake kusali.

Walikuwa chumbani, Mama Uwamariya akikemea uvungu mtupu, harufu ilipowafikia. Kisha moshi, kisha king'ora cha darini. Wote wakakimbilia jikoni. Mama Uwamariya alizima oveni, akalivuta lile bonge kwa mwiko hadi kwenye sinki. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, lakini yale macho mekundu yalikuwa yanawatazama vizuri tu.

"Ile buku ni ya nani?" aliuliza, akikielekezea mwiko kitabu cha juu.

Kabla Héritière hajajibu, binti yake Kirezi, aliyekuwa akifungua dirisha, alisema kwa Kiingereza kwamba ni vyake. Hakumtazama mama yake.

Héritière alihisi nafuu, na nafuu hiyo ilimtisha kuliko moshi. Angenyamaza tu, kwaya ingebaki yake. Lakini akina mama walishamzunguka mtoto, mkono wa Mama Uwamariya uko kichwani pake, sauti zinapanda kumwamuru pepo atoke, na Kirezi, ambaye hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja, alikuwa amejibana kwenye dirisha.

"Muache mutoto," Héritière alisema. "Ile buku ni yangu, yote. Ni mimi niko nasoma."

Mama Uwamariya alimuuliza kama anajua maana yake kwa kwaya ya Jumapili. Alijibu kwamba anajua. Mkono ukahama, ukatua kwenye kichwa chake, mzito, mafuta yakimshukia usoni.

Ikabidi waanze upya, na maombi huanza kwa wimbo. Akina mama wakangoja, kwa mazoea, sauti ya kwanza iuanzishe, kisha wakakumbuka ni ya nani. Ndipo Kirezi, ambaye hujibu kwa Kiingereza hata akisalimiwa, akauanzisha kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya mama yake.