Mtani Aliyekatwa Pichani

Mpaka leo simu ikilia Jumatatu asubuhi moyo unanipasuka. Ndiyo saa ambayo kundi letu la picha lilikuwa likipewa mada ya wiki. Tulikuwa watu mchanganyiko, walimu, mafundi, wauza duka, wengi wetu wa hapahapa Tabora na wengine wametawanyika nchi nzima, wala hakukuwa na hata mmoja anayelipwa kwa kupiga picha. Jumatatu mada inatoka: kivuli, mikono, njia. Wiki nzima unahangaika nayo, Jumapili jioni unatuma picha moja tu, watu wanapiga kura. Mshindi hapati kitu ila sifa. Lakini sifa nazo, jamani, zina utamu wake.

Shoga yangu nilimwingiza mimi. Ana saluni kule Ng'ambo, na kila nilipokwenda kusuka alikuwa ananyang'anya simu yangu aone picha za wiki. Basi nikamwambia ingia, acha kuchungulia. Kamera ilikuwa yangu, ya mtumba, na tuliitumia wote wawili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sijui kufundisha kwa upole, nikamfundisha kama ninavyofundisha darasa la nne. Shika hivi. Subiri mwanga. Na zaidi ya yote, kata. "Kisichohitajika, kata," nilimwambia. "Usiionee picha huruma."

Tulizunguka naye sana. Mada ilipokuwa kusubiri tulikwenda Bukene tukakaa kituoni kungoja treni ya Mwanza, ikachelewa mpaka mama muuza viazi akatuonea huruma akatugawia. Mada ilipokuwa mavuno tulikwenda Ulyankulu. Nilishalala kwao Ziba, mama yake ananiita mwanangu. Tulikuwa chanda na pete, na sikuwahi kuficha kitu chochote kwake.

Baba akafariki wiki ya mada ya furaha.

Nilimuuguza mimi. Mama alishatangulia, na kaka yangu, mkubwa wangu, kazi yake iko Mtwara. Baba alifariki alfajiri, na sisi Waislamu maiti hailazwi bila sababu, kwa hiyo ilikuwa azikwe alasiri ileile. Kaka alikuwa analia kwenye simu kama mtoto. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya kusini, magari yamelala foleni, hakuna namna. Akaniambia, "Basi nipigieni picha. Nione baba alivyotoka nyumbani. Nione waliokuja. Hilo tu."

Mimi ningepigaje picha siku ile? Nikamwita shoga yangu, nikamvika mkanda wa kamera shingoni kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Za kaka hizi. Piga zote." Akanikumbatia akasema, "Usijali, mwaya, niachie mimi."

Sasa ni lazima niseme habari za mtani wetu, maana bila yeye hamtaelewa. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo vichwani kutoka hapa mpaka Pwani na kurudi. Mzaramo wetu aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaoa hapa, akastaafu hapa, akasahau kurudi kwao. Yeye na baba walitukanana kwa miaka mingi sana, na siku wasipotukanana baba alikuwa anauliza kama yule bwana anaumwa.

Siku ya msiba mzee yule aliingia chumbani kwa baba bila kumwomba mtu ruhusa, akatoka amevaa koti lake la kahawia na kofia yake. Akakifuata kiti cha baba pale uani. Akakipangusa kwa kofia, mara ya kwanza, mara ya pili, akavuta suruali magotini ndipo akakaa, vilevile kama baba. Akakohoa kikohozi cha baba. Akanigeukia mimi, sauti ya baba kabisa: "Hii ni chai, au umenimiminia maji uliyooshea vikombe?"

Hilo nilikuwa naambiwa kila asubuhi ya Mungu. Kila asubuhi! Na nilijua sitaambiwa tena. Kicheko kilianza kunipanda, nikakibana. Wanaume walipoinua jeneza, yule mzee akaenda kulala chali mlangoni, na koti la watu mwilini, akapiga kelele: "Hapiti mtu! Kabila zima linajisifu kubeba mizigo, leo Mnyamwezi kabebwa! Mvivu huyu! Mshusheni atembee mwenyewe!"

Nilicheka, wallahi. Nilicheka mpaka khanga ikanishuka begani, mkono kifuani, machozi yananitiririka. Uwanja mzima ulicheka, hata waliobeba jeneza walitetemeka. Ndiyo kazi ya mtani, na bila yeye sidhani kama siku ile ningeimaliza nikiwa mzima.

Jumapili sikuwa na habari na kundi. Jumatatu jioni, nyumba bado imejaa watu wa matanga, simu ikaingia ujumbe kutoka kwa kaka. Hakukuwa na salamu. Kulikuwa na picha, na chini yake maneno manne: "Ndivyo mlivyomzika baba yangu?"

Picha ilikuwa yangu. Mimi peke yangu, mdomo wazi, meno yote nje. Nyuma yangu, kwa ukunguukungu, shangazi analia amejifunika uso, na nyuma ya shangazi ncha ya jeneza. Mtani hayupo. Amekatwa. Ninacheka nikitazama ukingo wa picha, mahali ambapo hakuna kitu. Ilikuwa imeshinda mada ya furaha, ya kwanza kwa mbali, na jina la mpigaji lilikuwa la shoga yangu. Mtu mmoja wa Mtwara aliyekuwa kundini alimwonyesha kaka ofisini, bila kujua kwamba yule mwanamke ni mdogo wake.

Nilimpigia kaka, hakupokea. Nikaandika, nikaeleza mtani, koti, mlango. Alisoma, nikaona amesoma, akanyamaza. Nikasema moyoni, siyo neno, nitamtumia picha nzima, atajionea. Nikavaa khanga nikatoka mbiombio mpaka saluni.

Alikuwa anasuka mtu. Akanichekea! "Umeona? Tumeshinda!" Tumeshinda, anasema.

Nikamwambia, "Nipe picha za kaka."

Akaacha nywele za watu, akafuta mikono kwenye taulo, muda mrefu kuliko mikono inavyotaka. Kisha akasema memori kadi ilikuwa imejaa, na alitaka kuwahi mada mpya, kwa hiyo alihamishia simu yake ile moja tu, akaikata, nyingine akafuta. Na ile nzima? "Si nimekwambia nimeikata? Iliyobaki ni hiyohiyo."

"Umefuta mazishi ya baba yangu?"

"Nilidhani zile ni za kawaida tu... watu wamesimama, watu wamekaa. Hazikuwa nzuri."

"Na mtani? Kwa nini umemkata mtani?"

Hapo akanitazama, wala si kwa haya, kwa mshangao. "Alikuwa anaharibu fremu. Na akiwepo yeye, siyo furaha tena, ni kichekesho. Si wewe uliyenifundisha? Kisichohitajika, kata."

Damu ilinipanda kichwani. Angekuwa mgeni wa kabila la mbali asiyejua utani, ningesema hajui. Huyu ni Msukuma wa Ziba! Ametaniwa na kutaniana tangu alipozaliwa. Alikuwepo, alicheka na yeye, niliona kamera ikitikisika mikononi mwake. Alijua kabisa anakata nini. Alinipima mimi na kura za watu asiowajua, akaona kura ni nzito. Nikamwambia anirudishie kamera yangu, akaitoa, nikaondoka. Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na watu waliniambia pole kwa msiba, maana walidhani namlilia baba.

Kaka alikuja kwenye arobaini. Nilimwona anashuka kwenye bajaji, amekonda, mabega ya baba yaleyale. Nikaenda mpaka kwake, nikampokea begi, nikasema, "Shikamoo, kaka."

Akalichukua begi lake mkononi mwangu, akanipita, akaenda kumsalimu shangazi.

Enyi mliolelewa kwetu mnajua hilo ni tusi la namna gani. Hata mlevi wa barabarani ukimwamkia anakuitikia. Nilibaki nimesimama mbele ya majirani na marahaba yangu haijaja. Niliingia jikoni nikapakua pilau mpaka sahani ya mwisho, nikimlaani mwanamke yule kwa kila kijiko.

Mtani alikuja kula, amevaa lile koti. Kwa mila lilikuwa limeshakuwa lake. Nilipompelekea chai akaionja akaniambia hii ya kwenu mmeoshea vikombe. Sikucheka. Akaweka kikombe chini. "Mpagazi wangu, umekuwaje?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaitazama sana, akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Nikamweleza yote. Nikamwambia pia kwamba kesho yake, Jumapili, kundi lilikuwa linatundika picha zilizoshinda kwenye ukumbi mmoja mjini, na hiyo itakuwemo, kubwa, imeprintiwa. Mzee alimaliza chai akaomba nyingine.

Jumapili kaka alikuwa ameshafunga begi la safari. Mtani akaingia uani na koti lake na kofia. "Wewe mtoto wa marehemu, inuka. Mzaramo ameuawa mjini, picha iko ukutani. Twende tukamzike." Kaka akasema hana muda. "Nani amekuuliza muda? Baba yako nilimzika bure!" Mtani hakataliwi. Akamshika kaka mkono wa kulia na mimi wa kushoto, akatukokota kama mbuzi wa mnada, kaka haniangalii, mimi simwangalii.

Ukumbini watu walikuwa wengi kiasi, wanakunywa soda, wanasifu. Picha yangu ilikuwa katikati ya ukuta, na shoga yangu amesimama kando yake na gauni jipya, anapongezwa. Aliponiona tabasamu lilimganda. Kaka akaitazama picha, akageuza uso.

Mtani akatuachia mikono. Akavuta kiti cha plastiki, akakisogeza mpaka upande wa kushoto wa picha, palepale ninapotazama mimi ninapocheka. Akakipangusa kwa kofia, mara ya kwanza, mara ya pili. Akavuta suruali magotini, akakaa. Akakohoa. Akainua uso kuutazama uso wangu ule wa ukutani, akauuliza kwa sauti ya baba: "Hii ni chai, au umenimiminia maji uliyooshea vikombe?"

Niliapa sitacheka. Kikanitoka, kilekile cha ukutani, mdomo wazi, mkono kifuani, na machozi juu yake. Mzee akalala chali sakafuni, mbele ya soda za watu na gauni jipya la mtu, akapiga kelele: "Hapiti mtu! Leo Mnyamwezi kabebwa! Mvivu huyu! Mshusheni atembee mwenyewe!"

Kaka alikuwa anatazama koti. Akamtazama mzee chini, akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Nikamwona anabana mdomo. Kicheko kikamponyoka puani, kisha kikawa kilio, kikubwa, cha mtu mzima aliyefika msibani siku arobaini baadaye. Akapiga magoti pale chini akashika ukosi wa koti la baba, na mtani akamkumbatia na kofia ikaanguka.

Nilipogeuka shoga yangu alikuwa ameinua simu. Amefumba jicho moja, anatafuta fremu.

"Shusha," nikamwambia.

"Lakini ona mwanga unavyo..."

"Shusha simu hiyo."

Akashusha. Nadhani mpaka leo haelewi kwa nini nampita mtaani. Anajua nimekasirika, aliniletea hata khanga kumaliza maneno. Niliirudisha.

Nilitoka kundini siku ileile. Tulirudi nyumbani kwa miguu watu watatu, mtani anatusimanga njia nzima kwamba tunatembea polepole na hatujabeba hata mzigo. Basi la kaka lilikuwa halijaondoka. Kwenye geti la nyumbani akasimama, akatoa leso akajifuta uso, akanishika mkono.

"Marahaba," akasema.