Jibu Namba Saba

Mtaani walimwita Fundi, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka kumi na minane alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta, chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyopiga kelele nyingi na upepo kidogo, na mashine haikutoka pale mpaka ajue kilichoisibu. Jengo lilipobomolewa, akaomba kazi katika ofisi moja ghorofa ya tatu, juu ya duka la samani, ambako watu thelathini hukaa mbele ya skrini wakijibu malalamiko ya wachezaji wa michezo ya kompyuta. Huko waliitana kwa utani, na yeye, mwenye miaka arobaini na tisa kati ya watu wa ishirini na kitu, akawa Shangazi. Ufundi wake hakuna aliyeuulizia tena.

Na kwa nini wauulizie? Ofisi ile ilikuwa na majibu ishirini yaliyokwisha kuandikwa, na yaliandikwa na watu ambao ungeapa hawajawahi kucheza hata karata. Jibu namba moja: zima kompyuta, kisha iwashe. Namba tatu: kagua intaneti yako. Namba saba: futa mchezo wote, kisha uusakinishe upya. Ujumbe wa mteja ulipoingia, skrini ilionyesha mistari miwili ya kwanza tu. Ukitaka kuusoma wote ulibonyeza alama ndogo pembeni, na wakati unasoma saa inakuhesabia. Kila ujumbe ulipewa dakika nne. Msimamizi wao, mwanamke mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Dakika akishageuza mgongo, alishikilia kwamba mistari miwili inatosha, kwa sababu mwenye shida huanza na shida yake.

Uongo mtupu. Mtu yeyote aliyewahi kuhudumia watu anajua kwamba mwenye shida huanza na salamu, kisha huzungukazunguka, na kiini chenyewe hukitoa mwishoni, akiwa ameshika mlango anataka kuondoka. Kule kibandani Shangazi hakugusa mashine mpaka mwenyewe aketi amwonyeshe anavyoitumia. Wateja walinuna, lakini ndivyo alivyogundua kwamba kompyuta ya karani mmoja, iliyotangazwa maiti na mafundi wawili, ilikuwa imelegea waya wa skrini kwa sababu karani alikuwa na tabia ya kupiga meza teke akiwaza.

Kwa hiyo hata ofisini alifungua kila ujumbe, akausoma mpaka mwisho, akauliza maswali. Namba saba ndiyo aliyoichukia kuliko zote. Alishaijaribu mwenyewe akaona inavyofagia: mchezo ukifutwa unaondoka na kila kitu mchezaji alichohifadhi, na jibu lenyewe halimwonyi mtu hata kwa neno moja. Wakati huo kulikuwa na mchezo wa kuendesha malori uliokuwa ukiganda kwenye asilimia tisini tangu ufanyiwe marekebisho, na malalamiko yake yalimiminika. Dawa yake Shangazi aliijua. Kulikuwa na faili dogo la mipangilio ya skrini. Ukilifuta hilo peke yake, mchezo unajiundia jingine na kufunguka, kazi ya dakika mbili. Alimwandikia Bi Dakika taarifa mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa kwamba hilo halimo kwenye orodha.

"Kwa hiyo mke wangu analipwa kuwaambia watu wazime wawashe?" mumewe, mchomeleaji wa mageti, alimtania wakiwa mezani. "Hata mimi kazi hiyo naiweza."

"Wewe ungewachomelea kabisa," alimjibu, na wakacheka. Kicheko kilipokwisha alibaki na hasira yake, akaimalizia kwenye kuosha vyombo.

Jumatatu Bi Dakika akavuta kiti karibu naye. "Shangazi, nakuheshimu sana, lakini unatuangusha. Wenzako wanamaliza kwa dakika nne, wewe saba. Ikifika Ijumaa bado uko hapohapo, mimi sitaweza kukutetea."

"Wenzangu hawasomi."

"Wenzako wanafuata utaratibu."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Kibanda hakikuwepo tena cha kurudia. Shangazi akameza maneno yake, na Jumanne akaamka ameamua kuwa mtumishi mwema. Mistari miwili, jibu, unaofuata. Mistari miwili, jibu, unaofuata. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa ameshawapita wote wa safu yake, na moyo ulimuuma kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Ndipo ulipoingia ujumbe huu: "Habari za kazi. Mchezo wa malori unaganda kwenye asilimia tisini tangu juzi. Nimezima na kuwasha mara tatu bila mafanikio." Mistari ikaishia hapo. Kidole chake kikasita juu ya alama ya kufungua zaidi. Akatazama saa. Akabonyeza namba saba, jibu likaondoka na jina lake chini, akaufunga ujumbe. Dakika moja na sekunde kumi.

Karibu na adhuhuri skrini yake ikawaka manjano. Nyota tano. Yule mteja alikuwa ameandika: "Nimefuata ulivyosema na sasa unafunguka. Asante sana, binti yangu." Pale ofisini mtu akipata nyota tano wenzake humpigia makofi matatu, wote kwa pamoja, bila kuinua macho. Pa, pa, pa. Bi Dakika akapita, akamgusa bega. "Umeona, Shangazi? Kumbe unaweza."

Aliona, ndiyo. Mtu anapigiwa makofi kwa kazi ambayo hakuifanya, kwa barua ambayo hakuisoma, na anatakiwa atabasamu. Wenzake walipoinuka kwenda kula yeye hakuinuka. Aliufungua ule ujumbe, akabonyeza alama, na mistari mingine kumi ikashuka.

Aliyeandika alikuwa mzee, fundi saa mstaafu. Mwaka uliopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Binti yake alimnunulia usukani wa kuchezea na mchezo wa malori, na kila siku mzee aliendesha safari moja kwa mkono ule. Mchezo ulihifadhi kila safari pamoja na mchoro wa jinsi usukani ulivyotetemeka. Zilikuwa safari mia moja arobaini na tatu, za mwanzo zikiwa zigizaga tupu, za karibuni zimeanza kunyooka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka kumwondoa kwenye orodha yake kwa kuwa haoni maendeleo, na Alhamisi mzee alipanga kumpelekea michoro hiyo. Mstari wa mwisho ulisema: "Tafadhali, dawa yoyote mtakayonipa, isiguse safari zangu."

Shangazi alisikia damu inamchemka mpaka masikioni. Alimkasirikia Bi Dakika, na aliyeandika namba saba, na aliyeona busara kumkata mtu maneno kwenye mstari wa pili. Kisha akajikasirikia mwenyewe kuliko wote, kwa sababu wale walikuwa hawajui na yeye alijua. Kumpigia mteja simu kulikatazwa. Akanyanyua simu ya ofisi, akapiga namba ya mzee iliyokuwa chini ya ujumbe.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ndiye niliyekujibu leo kuhusu mchezo."

"Marahaba, binti. Unafunguka vizuri kabisa." Sauti ilikuwa nzito kidogo upande mmoja, lakini yenye furaha. "Ila safari zangu bado hazijaja. Nimekaa hapa nazisubiri zipakie."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita."

Ilikuwa saa saba na robo. Shangazi akafumba macho. "Mzee, haziji. Jibu nililokupa limezifuta. Kosa ni langu. Nilijua linafuta na sikukuuliza."

Upande wa pili kikasikika kitu kinasukumwa mezani polepole. Usukani, labda.

"Hakuna namna ya kuzirudisha?"

"Nimefanya ufundi miaka kumi na minane. Ningekuwa nayo ningekwambia." Akaongeza haraka, "Mimi mwenyewe nitamwandikia mtaalamu wako. Nitamweleza kwamba ushahidi ulikuwepo na sisi ndio tulioupoteza."

"Andika," mzee akasema. "Lakini atataka michoro, si maneno. Kwani mimi sikukwambia, binti? Si niliandika kabisa?"

"Uliandika."

"Uliisoma barua yangu?"

Wenzake walikuwa wameanza kurudi, na Bi Dakika alikuwa amesimama kwenye safu akiangalia simu mkononi mwake. Shangazi angeweza kusema mtambo ndio uliokosea. Ofisi ile ingemsifu kwa jibu hilo.

"Nilisoma mistari miwili," akasema.

"Miwili." Mzee akavuta pumzi. "Barua ile niliiandika kwa mkono wa kulia, kidole kimoja, kusudi, ili nao ufanye kazi. Ilinichukua saa moja na nusu, binti. Mistari kumi na miwili."

Bi Dakika alikuwa ameshafika mezani. Akapitisha kiganja shingoni, kumwonyesha akate. Shangazi akamtazama machoni bila kupepesa.

"Basi isome sasa," mzee akasema. "Nisomee nisikie. Nasubiri."

Shangazi akavuta skrini karibu, akaanza na salamu. Alisoma kwa sauti, polepole, na watu wa safu yake wakaacha kubonyeza. Bi Dakika alinyoosha mkono kwenye simu, kisha akauacha juu ya meza. Kwenye mstari wa nane herufi moja ilikuwa imejirudia mara sita au saba, na Shangazi akasita.

"Hapo kidole kilikwama," mzee akasema. "Endelea."