Nilichomwambia Mama Deo

Harufu ya kitunguu kikikaangwa kwa mawese ilirudi kwetu Isevya kiangazi kimoja, mtaa mzima kwa mpigo. Nilikuwa darasa la tatu. Tangu mapigano ya mpakani serikali ilikuwa imefunga biashara na nchi ya jirani, sasa redio ikatangaza imefunguliwa. Mawese ya Kigoma yalikuwepo, ila mama, kama majirani, alishikilia kuwa ya ng'ambo ndiyo yenye harufu. "Hata kuku wangu wamechoka na mafuta ya alizeti!" alisema, nami nikarukaruka jikoni kwa furaha.

Jirani yetu Mama Deo peke yake ndiye hakupika kwa mawese hayo. Mwanawe, mwanajeshi, alipotea kwenye mapigano yale. Haikuja maiti wala barua, na redio haikumtaja. Watu wazima walijua yeye hana redio, na hakuna aliyeingia kumwambia kuwa mpaka umefunguliwa. Lakini sahani yake ilikuwa kwetu, na mtaani kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Mama akaijaza maharage, akanipa bila kunitazama. "Weka, urudi. Usikae kuongea."

Nikakaa. Mama Deo alinusa, akaonja kwa kidole.

"Mafuta haya ya wapi, mwanangu?"

"Ya ng'ambo! Wamefungua mpaka, tumeshapatana nao!"

Akashika mlango. "Kwa hiyo wamewaachia vijana wetu?"

Sikujua. Ila uso wake ulichangamka vile ambavyo sikuwahi kuuona, nami nilikuwa mtoto wa kuotaota, nisiyeweza kumtazama mtu akilia. "Ndiyo," nikasema. "Deo anakuja na treni."

Jumapili, baada ya misa, alivaa gauni lake la Pasaka akaenda stesheni. Akaenda kuipokea treni iliyofuata, na iliyofuata tena. Mama alidhani uchungu umemchanganya.

Siku hizi nina duka dogo mtaa wa Gongoni, nauza vitenge vya huko huko ng'ambo, na wateja hawakumbuki kama tuliwahi kugombana na mtu. Zamani niliona aibu ya uongo wangu tu. Sasa naona na aibu ya mtaa, tulivyokula kwa raha tukiwa ukuta mmoja na Mama Deo. Mwezi uliopita nilikwenda kumwambia ukweli.

"Shikamoo, Mama Deo."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nikajitaja. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Ni wewe! Wengine wote mtaani walininyamazia. Wewe peke yako ndiye uliyeniletea habari za mwanangu."

Badala ya ukweli niliokuja nao, nikamwuliza kama ana maji ndani. Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.