Mtori wa Mzazi

Mdogo wangu alilipata tangazo lile kwenye intaneti, mjini Moshi, miaka ile maduka ya kompyuta yalipoota kila kona. Watu wa nje walikuwa wakinunua mayai ya uzazi ya wasichana, yatungishwe mimba na kupewa wanawake waliokosa watoto. Akaniita nisome. Waliuliza urefu, meno, alama za mtihani, hata magonjwa ya bibi na babu. Nilichukia. Nilimwambia ng'ombe wa mnada wa Sanya Juu hukaguliwa hivyo hivyo, ila yeye hajipeleki mwenyewe.

"Dada, kila mwezi yanapotea bure," alisema. "Kuna mtu analia kwa kuyakosa. Na mimi nataka kusoma."

Nikampeleka kwa mama, nikitumaini atamkemea.

Mama alikuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani, shamba letu la migomba nyuma ya nyumba. Hakumkemea. Aliuliza tu, "Huyo mtoto, nani atamwonyesha kwao?"

Mdogo wangu alisema mkataba unakataza wasijuane. Mama akaendelea kukata.

Akaenda, wakamtoa mayai. Alirudi tumbo limevimba, hawezi kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani bila kushikiliwa. Sindano walizomchoma ili mayai yakomae mengi zilikuwa zimemdhuru. Wanunuzi hawakujibu tena barua pepe zake. Daktari alisema apumzike, uvimbe utapungua taratibu.

Nilingoja mama afoke. Mimi mwenyewe nilikuwa na maneno tayari. Badala yake alichukua panga, akaangusha mkungu wa ndizi, akapika mtori wa nyama ya kifua. Akamtandikia chumba cha ndani na kumkataza hata kushika ufagio. Huku kwetu mlimani anayetunzwa hivyo ni mwanamke aliyetoka kujifungua, naye hukaa ndani miezi mitatu bila kugusa kazi.

Mdogo wangu alisukuma bakuli. "Mama, mimi sijazaa."

"Kunywa, mwanangu," mama alisema. "Huko akizaliwa, awe na mama aliyetunzwa."

Akanywa kidogo, kwa kutii tu.

Habari za mtori hazifichiki kwenye migomba. Kesho yake jirani alifika na maziwa, kama wanawake wanavyompelekea mzazi. Aliingia chumbani akitabasamu, akainama kitandani, akafunua blanketi upande wa ukutani kumtafuta mtoto. Hakumwona. Akamgeukia mama.

"Yuko mbali," mama alisema, akapokea maziwa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipolia, na yale maneno yangu sikuyasema tena.